Sufuria ya pembeni ao sufuria moja? Kupunguza kilo hapa Goma bila kuacha bugari na sombe

Mwanamke wa hapa kwetu akisema tu anataka kupunguza kilo, kitu ya kwanza anaambiwaka ni "acha bugari". Basi ataacha wiki mbili, atakula matango na mayai, wiki ya tatu atarudia bugari na hasira yote, na zile kilo zitarudi zikiwa zimeleta na wenzake. Nimeona hiyo kwa dada yangu, nimeona kwa majirani wa Katindo, na kwangu miye ilifika mara mbili. Mara ya tatu nikabadilisha njia, nilikuwa na kilo 84 sasa niko na 75, imeomba miezi nane, na sombe sikuacha hata wiki moja. Njo maana nataka kuweka hizi njia mbili moja karibu na ingine, tuziangalie pole pole, juu najua kuna mama mwenye amenunua unga leo na hajui kama atakula ao ataangalia wengine wakikula.

Njia ya kwanza naiita sufuria ya pembeni. Unapikia familia chakula yao, kisha unajipikia yako: saladi, kifua cha kuku bila ngozi, oti ya asubuhi, yogati, vile video za rejimu zinaonyeshaka. Njia ya pili ni sufuria moja: unakula kile nyumba inakula, lakini unabadilisha vile kinapikwa na vile unajiwekea ku sahani.

Faida ya sufuria ya pembeni iko, sitaificha. Unajua kabisa nini imeingia mule ndani. Hakuna mtu amekumwangia mawese juu, unapima, unaandika, na kilo za mwanzo zinashuka mbio. Lakini ujue kwa nini zinashuka mbio: mwili unawekaka akiba ya sukari mu maini na mu misuli, na kila gramu ya hiyo akiba inashikana na karibu gramu tatu za maji, sasa ukikata wanga kwa ghafla ile akiba inaisha na maji inatoka nayo, unapanda ku balansi unaona kilo mbili zimeenda, unafurahi, kumbe mafuta ya tumbo bado iko palepale. Siku utakula bugari tena maji itarudi, na weye utawaza umeharibu kila kitu, na hapo njo watu wengi wanaachaka.

Kisha kuna maisha yenyewe. Sufuria mbili ni mbabula mbili, makala mara mbili, na kila mtu hapa anajua gunia ya makala inatutesa namna gani. Oti na yogati ya rejimu na samaki ya bahari utazipata ku alimentasioni kubwa, zimetoka mbali, na bei yake ni bei ya kitu yenye imetoka mbali. Tena yale mabaki ya kuku utaweka wapi kama umeme imekatika siku mbili? Na kitu ingine yenye watu hawasemake: watoto wanakuangalia. Wangu wa mwisho aliniuliza "Mama, juu ya nini hukuli na siye?" na sikuwa na jibu. Chakula kwetu ni kukaa pamoja, mwenye anakula peke yake pembeni anaonekana mgonjwa ao mwenye kukasirika.

Sufuria moja nayo iko na shida yake, kubwa sana, na nitaisema wazi. Manyumba mingi tunakulaka ku sahani moja. Bugari iko katikati, mboga iko pembeni, kila mtu anakata. Ukikula hivyo huwezi hata kidogo kujua umekula ngapi, juu mkono unafuata mikono ya wengine, na wanaume wanakata kubwa, na weye unaendelea kukata paka juu bado inabaki. Hii kitu moja, kujikatia sehemu yako tangu mwanzo na kuiweka ku sahani yako, kwangu ilileta matokeo kuliko rejimu zote mbili za mbele. Naendelea kukaa na wao, naendelea kuchovya mu sombe ileile, lakini tonge yangu ikiisha imeisha. Wiki ya kwanza bwana yangu aliona ajabu, ya pili akazoea.

Miye nachagua sufuria moja. Lakini haitakusaidia kitu kama hukugusa mafuta.

Mafuta, nataka tukae hapa kidogo.

Gramu moja ya mafuta iko na kalori 9. Gramu moja ya wanga ao ya protini iko na kalori 4. Haijalishi ni mawese ao ni mafuta ya alizeti, hesabu ni ileile, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kinafika karibu kalori 120. Sasa chukua sombe vile tunapikaka siku ya sherehe, na nusu litre ya mawese mu sufuria ya watu saba. Hiyo nusu litre peke yake iko karibu kalori 4,000. Gawanya kwa saba: kila mtu amekula karibu kalori 570 za mafuta mbele hata hajagusa bugari. Weka sasa sombe ileile, majani ileile, lakini vijiko vinne vikubwa vya mawese: inakuwa kalori 480 kwa sufuria yote, karibu 70 kwa mtu. Tofauti ni kalori 500 ku sahani moja! Na mtu akipunguza kalori 500 kila siku anaweza kushusha karibu nusu kilo kwa wiki, bila kukimbia, bila kulala na njaa. Watu wanakimbia bugari na ule mzigo wote ulikuwa mu mboga.

Sisemi mawese ni sumu. Ile rangi yake nyekundu inatoka ku karotini yenye mwili unageuza kuwa vitamini A, watoto wanaihitaji, na sombe bila mawese kabisa hapana, hiyo si sombe tena. Nasema pima. Zamani nilikuwa namwanga na bidon juu ya sufuria, macho njo kipimo, na macho inadanganya sana kama mafuta iko chini ya majani. Sasa iko kijiko kimoja kikubwa chenye kinakaa mu kopo karibu ya chumvi na kazi yake ni hiyo tu.

Na ladha? Ladha inatokaka wapi kama mafuta imepungua? Hapa njo ujuzi ya mpishi unaonekana. Mimi naongeza puaro na kitunguu na bilingani na pilipili mbuzi nzima nzima bila kupasua, naweka sambaza kavu zenye nimekaanga bila mafuta mu sufuria kavu mpaka zinanukia, na naacha sombe ichemke muda mrefu. Ile kuchemsha muda mrefu tena si ya ladha tu, majani ya muhogo iko na sumu yake yenye inatoka ukitwanga vizuri na ukipika sana, kwa hiyo usiharakishe hata kama makala ni bei. Mama mkwe wangu alikula hii sombe miezi mitatu bila kujua kama mafuta imepungua. Siku moja akasema, "Mwanangu, hii sombe yako siku hizi iko na ladha ya majani yenyewe, kama ya zamani." Nikamwambia ukweli hapo.

Lenga-lenga ni rahisi kuliko sombe kwa mwenye anaanza, juu inaiva mbio, haiombi mafuta mingi, na unaweza kujaza nusu ya sahani. Shu ya Kibumba pia. Ukipika shu na karoti na tomati na kijiko kimoja cha mafuta, kula vile unataka, sitakuhesabia.

Tuje ku bugari sasa, juu ya yenyewe njo vita yote.

Watu wananiulizaka kila siku: ya muhogo ao ya mahindi? Kwa kalori ni kama ndugu mapacha, gramu 100 za unga kavu, muhogo ao mahindi, ziko karibu 350. Hakuna yenye "inanenepesha" kuliko ingine. Tofauti iko kwingine. Unga ya muhogo iko karibu wanga tupu, protini yake ni gramu moja ao mbili tu ndani ya gramu 100, ya mahindi iko na karibu 8. Ya mahindi yenye haikukobolewa iko na nyuzinyuzi zaidi, inakaa tumboni muda mrefu. Ya muhogo iko laini, inavutika, inashuka bila kutafuna, na kitu yenye inashuka bila kutafuna unakula mingi mbele tumbo haijakuambia basi. Kwa mwenye anapunguza kilo nitachagua mahindi, ao kuchanganya nusu kwa nusu kama nyumba inapenda muhogo, hiyo njo siye tunafanya. Lakini kama unaweza kukula muhogo tonge moja ya ngumi yako na kuacha hapo, kula muhogo wako na amani.

Namna ya kupima bila kuwa na balansi ya jikoni: pima unga, usipime bugari. Kama unajua unapikia watu saba na kilo moja na robo ya unga, kila mtu anapata karibu kalori 600 za bugari. Sehemu yako ikikatwa nusu ni 300. Ile nusu yenye umeondoa jaza na mboga na maharagi, usiache pengo, juu pengo mu sahani ni mandazi saa kumi.

Maharagi! Nasikitika sana wakati mtu anaacha maharagi juu ya rejimu. Gramu 100 za maharagi yenye imeiva iko karibu kalori 127, na ndani yake protini gramu 8 ao 9 na nyuzinyuzi nyingi, hakuna chakula ya bei ile mu soko ya Virunga yenye itakushibisha hivyo. Shida ni ileile, mafuta yenye tunamwanga juu mpaka inaogelea. Maharagi na kitunguu na selere na kijiko kimoja cha mafuta, kando yake birayi mbili, hiyo ni chakula ya mfalme na ya rejimu pia.

Na birayi njo natetea na nguvu zote, juu wanaikosea heshima. Mu 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, kule Australia, walilisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, kisha wakawauliza kila robo saa mu masaa mbili wameshiba namna gani. Kyenye kilishinda vyote ni kirayi cha kuchemsha, kilishibisha zaidi ya mara tatu kuliko mukate mweupe. Siye tuko na birayi ya Masisi na ya Kibumba hapa karibu, inatoka mu udongo wa volkano, na tunaenda kutafuta oti! Lakini weka birayi ya kuchemsha karibu na frite uone: gramu 100 za kuchemsha ni kalori karibu 86, frite ni karibu 310. Kirayi ni kilekile, kimepita tu mu mafuta. Makemba pia hivyo, ya kuchemsha gramu 100 iko karibu 116, ya kukaanga inapita mara mbili. Kwa hiyo kati ya birayi ya kuchemsha na bugari, siku ya njaa kali mimi nachukua birayi. Kati ya frite na bugari, nachukua bugari bila kufikiri.

Sambaza ao nyama ao kuku? Sambaza. Ni samaki yenye ilitolewa Tanganyika ikaletwa mu ziwa letu Kivu mwisho wa miaka ya 1950, sasa imekuwa yetu kabisa, unakula na mifupa yake na kalisi yake yote. Mbichi ya asubuhi kutoka Kituku, uipike na tomati na limao na kitunguu, hakuna kitu kizuri hivyo. Ya kukaanga ni tamu, najua, lakini ni ndogo sana na kila moja inajifunika mafuta pande zote, unakula sahani ya mafuta yenye ndani yake iko na samaki. Naikaanga mara moja kwa wiki, siku ya posho, na nafurahia. Nyama ya ng'ombe sawa kama umetoa mafuta, kuku sawa kama umetoa ngozi.

Kwa kinywaji nitapita mbio juu hesabu inajisemea. Sukre ya sentilita 33 iko na karibu gramu 35 za sukari, kalori 140, na haishibishi kitu. Gilasi ya mashanza iko karibu na kalori zilezile, 150 hivi, lakini inakupa protini gramu 8 na inakaa tumboni. Chupa kubwa ya biere inafika kalori 300, na nyuma ya biere kunakuja brosheti. Chai ya sukari vijiko vitatu, mara nne kwa siku, inafika karibu 200, na hiyo mimi njo ilikuwa shida yangu ya siri, nilipunguza kijiko kimoja kila mwezi na ulimi haukulalamika. Avoka ni chakula nzuri lakini nusu ya ile kubwa ya kwetu inapita kalori 160, kwa hiyo ikiingia ku sahani mafuta ya mboga ipungue. Karanga ya kutafuna vilevile, mkono mmoja ni karibu 170.

Zile chai za kupunguza tumbo zenye wanauzaka mu njia, sitaziweka hata mu ulinganisho. Nyingi zinaharisha tu, unapoteza maji, ku balansi inaonekana kilo imeshuka, na ukiendelea nazo tumbo inazoea kutofanya kazi yake. Tafadhali.

Sasa nani achague nini. Kama unaishi peke yako, mwanafunzi wa ku chumba, sufuria ya pembeni na sufuria moja ni kitu kimoja kwako, pika kidogo tu na pima mafuta. Kama uko na sukari mu damu na unakunywa dawa ao kuchoma sindano, usipunguze chakula mbele ya kuongea na munganga, juu dawa ikibaki ileile na chakula ikapungua sukari inaweza kushuka vibaya, na hapo pengine chakula ya pembeni itaombwa kweli. Mwenye tension aangalie zaidi chumvi na kibe, watu wa afya duniani wanashauri chumvi isipite gramu 5 kwa siku, na kibe nazo ziko na chumvi mingi ndani. Mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha asifanye rejimu, akule vizuri, kilo zitangoja. Kwa wengine wote, mama ya watoto, mwenye anapika kila siku na anakula na watu: sufuria moja, sahani yako, kijiko cha mafuta.

Kuna kitu balansi haipimi na ni vizuri ujitayarishe. Ukianza kupungua watu watakuuliza "uko mgonjwa?", "ni mawazo gani?", wengine watamwangalia bwana yako kama hakulishe. Kwetu mwili mkubwa umekuwa alama ya amani mu nyumba, na baada ya yote tumepitia naelewa kwa nini mtu anaogopa akiona mwenzake anakonda. Mwenye anakula pembeni hana jibu ya kuwapa, anaonekana kweli kama ana shida. Mwenye anakula mu sufuria moja anawakaribisha tu. Shangazi yangu alikuja kutoka Sake na wasiwasi kabisa, amesikia nimekwisha, amebeba na jibini ya kunirudishia mwili. Nikamkatia bugari, nikamwekea sombe, nikakaa nikakula mbele yake mpaka mwisho, na ile jibini tuligawanya na watoto, kipande kwa kipande. Aliporudi kwake aliomba nimwandikie vile napika ile sombe.